Namba Tano Kwenye Orodha ya Methodi

Sikukosea kuandika. Wewe uliyepiga simu gazetini Jumanne kuuliza, na wewe mwingine uliyeapa kwamba hutalinunua tena gazeti hili, rudini mkae. Methodi alisema hivyo hivyo mlivyosoma, mbele ya kila mwenye simu:

"Namba tano. Duka la Mama Uwera, Black Rock, hapa hapa Buffalo. Ndugu watazamaji, hilo halifiki Krismasi."

Dafroza, ambaye ndiye Mama Uwera mwenyewe, alikuwa nyuma ya kaunta yake, simu kaiegemeza kwenye jora la kitenge, mkasi mkononi. Wiki nzima mmekuwa mkiniuliza alifanya nini na ule mkasi. Alimalizia kukata yadi mbili za mteja, akazikunja, akazitia kwenye mfuko. Kisha akacheka kwa pua.

"Huyu hajawahi kuuza hata kiberiti," alisema.

Mteja hakucheka. Alikuwa akizitazama rafu, toka juu mpaka chini.

"Mama Uwera, hii ya ukutani, ukifunga utaiuza?"

"Chukua kitenge chako uende."

Kwa mliochelewa kutufuata: Methodi ni Mrundi kama Dafroza. Walikulia kambi moja ya wakimbizi kule Kigoma, wakaletwa Marekani mwaka ule ule. Alifanya kazi ghalani miaka minne, akafukuzwa kwa kulala juu ya maboksi, na alipoamka akawa mchambuzi wa uchumi. Kila Jumamosi anajirekodi ndani ya gari lililoegeshwa, juu koti la suti, chini kaptura, mkanda kaufunga kana kwamba uchumi unaweza kumgonga kwa nyuma.

Anasoma orodha ya maduka yatakayokufa. Ya Wamarekani anayanakili mtandaoni. Duka la dawa la hapo kona lilikuwa limeshapigwa mbao madirishani tangu theluji ilipoyeyuka, naye mwezi wa nane akatabiri kwamba litafungwa. Watu walimpongeza! Walimwita nabii!

Baadaye akaona nabii wa maduka ya Wazungu halipwi heshima ya kutosha, akaanza kuongeza ya kwetu. Akataja la viatu la Louisville. Akataja mgahawa wa Columbus. Watu wakishasikia jina lako kwenye orodha hawaji tena, na usipotembelewa utafunga tu. Hapo Methodi anarudi hewani na koti lake: si niliwaambia?

Ila la Dafroza lilikuwa na kinga moja, na hiyo ndiyo roho ya hadithi yetu. Mkataba wa pango ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Mume wake, Sipriani, alikuwa amemwekea sharti mezani, ugali ukipoa.

"Arusi ya akina Bulonza," alisema Sipriani. "Ukiwavisha wale, tutaongeza mkataba. Ukishindwa, unafunga, unakuja ghalani pamoja na mimi. Sitaki tena kukuona umekaa na vitambaa kutwa nzima peke yako."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

Wanawake sabini, sare moja, mafundi watatu wakisubiri. Arusi moja ya namna hiyo huliendesha duka mpaka majira ya joto. Robota la kitambaa chao lilikuwa limeshafika, liko chumba cha nyuma, limefunikwa shuka la kitanda.

Limefunikwa kwa nini? Kama unauliza, hujawahi kuoza binti Buffalo. Kwetu sare ya arusi ni siri. Mama wa bibi arusi anachagua na mwenye duka, wawili tu, mlango umefungwa. Mafundi nao wanashona huku wamefunga midomo. Ikionekana kabla ya siku, imekufa, kwa sababu arusi ya Jumamosi itakayotangulia wataivaa wao, na ninyi mtaonekana mmeazima. Mwenye duka la vitenge ni mtunza siri kwanza, mwuza nguo baadaye. Dafroza alikuwa na siri za nusu ya wanawake wa Black Rock chini ya shuka lile.

Basi. Jumamosi ile ile, baada ya orodha, duka lilijaa.

Msifurahi. Hakuna aliyekuja kununua. Mmoja alitaka kujua punguzo la kufunga linaanza lini. Mwingine alipima kioo cha kujaribia nguo kwa mikono yake, akaondoka akihesabu kwa vidole. Watu ambao hawakuwa wamekanyaga pale tangu Pasaka walikuja kumpa pole, wakagusa kila kitu, wakatoka mikono mitupu.

"Sijafa," Dafroza aliwaambia.

"Tunajua, mama, tunajua," walimjibu, kwa ile sauti ya msibani.

Saa nane akaingia Mama Gloire.

Huyu ndiye mama wa bibi arusi, Bulonza mwenyewe, mwanamke wa Bukavu mwenye mwili wake na heshima zake, anayehudumia wazee nyumba ya kulelea wazee na kuwaamrisha wote. Siku nyingine huingia akicheka. Siku hiyo alisimama karibu na mlango, mkoba kaukumbatia.

"Mama Uwera, unisamehe sana. Donc, ile commande yetu ya bikwembe, tunaiacha."

Dafroza aliweka mkasi chini. "Mnaiacha oda ya vitenge? Arusi si baada ya wiki mbili?"

"Njo maana. Batu banasema duka iko inafunga. Kule Louisville mama moja alifunga na bikwembe bya batu mule ndani. Arusi ikapita bila uniforme! Miye sitaki ile haya."

"Watu gani wanasema?"

"Si Methodi?"

"Methodi ni watu?"

Mama Gloire alitazama pembeni. "Bon. Ye anaagiza na internet, inafika siku mbili. Alisema biashara ya leo haina duka."

"Umemwagiza yeye," alisema Dafroza polepole. "Kitambaa kile kile?"

"Kile kile. Nilimutumia foto tu."

Hapo ndipo Dafroza alipoona giza. Lakini hakumlilia mtu. Alikwenda akamfungulia mlango.

"Kwaheri, Mama Gloire. Mungu aibariki arusi yenu."

Alipobaki peke yake alikwenda chumba cha nyuma, akakaa juu ya robota, akalia kwa hasira mpaka pua ikaziba. Aliwachukia wote kwa usawa: Methodi kwa uongo, Mama Gloire kwa woga, na wale waliokuja kupima kioo kwa kuwa wanafiki. Mimi simlaumu. Tunaacha duka la mwenzetu linakauka, halafu siku ya kufunga tunajipiga picha mlangoni na kuandika tutakukumbuka.

Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Sipriani alikuwa mpole ajabu nyumbani. Alichemsha chai mwenyewe, akaosha vikombe, hakuuliza neno juu ya duka. Dafroza alidhani ni huruma.

Jumatano saa sita mchana, simu ikalia. Methodi yuko hewani, moja kwa moja.

Safari hii hakuwa garini. Alikuwa sebuleni kwake, nyuma yake pazia, mbele yake robota kubwa lenye kamba za plastiki.

"Ndugu watazamaji! Leo nawaonyesha biashara ya kisasa. Sina duka, sina rafu, sina taa za kulipia. Nina simu! Hii hapa imefika jana."

Akachukua kisu cha jikoni.

"Usifanye hivyo," Dafroza aliiambia simu. "Mjinga wewe, usifanye."

Methodi akakata kamba. Akavuta jora la kwanza, akalikunjua mbele ya kamera kwa mikono miwili mpaka likafunika uso wake. Zambarau, yenye miavuli ya njano.

"Sare ya arusi ya akina Bulonza!" alisema nyuma ya kitambaa. "Jumamosi ya wiki ijayo! Mnaiona?"

Waliiona. Namba ya watazamaji pale chini ilisoma elfu moja mia tisa na kitu. Wanawake wakaanza kuandika. Na mimi nataka. Niwekee mbili. Unaleta Columbus? Methodi, macho yanamng'aa, akawa anawasoma majina mmoja mmoja.

"Ipo ya kutosha! Dada yangu wa Lexington, utapata. Mama wa kwaya, utapata. Nyinyi wa arusi ya Jumamosi hii mnataka arobaini? Mtapata leo leo!"

Dafroza alicheka mpaka akashika kaunta. Alicheka kwa sauti, peke yake, mchana kweupe. Mtu mzima na koti la suti kaivua siri ya mama mwenye binti mbele ya ukoo mzima, na bado anaomba watu wabonyeze kengele!

Kisha kicheko kikakatika. Robota lake mwenyewe, chini ya shuka, lilikuwa la miavuli ile ile.

Haikupita saa nzima, Mama Gloire akaingia, kitambaa cha kichwa kimelegea. Nyuma yake alikuwa Gloire, bibi arusi, macho mekundu.

"Mama Uwera!"

"Karibu. Kama umefuata kioo, wenzako wameshakipima."

"Usinitukane, nimeshajitukana miye mwenyewe. Batu ba arusi ya Jumamosi hii bamenunua arobaini. Arobaini! Mama mukwe wa Gloire amenipigia, anauliza kama sisi njo tutavaa ya mutumba."

"Mom, I'm not wearing it," alisema Gloire. "I'm not."

"Umesikia? Hatavaa. Na miye sivai." Mama Gloire alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Nisaidie. Nitapiga magoti."

Ningekuwa mimi ningemwacha apige. Dafroza alimtazama vizuri, yule mama aliyesimama Jumamosi kaukumbatia mkoba wake kana kwamba ataibiwa, na moyo wake haukulainika hata kidogo.

"Jumamosi uliniona maiti," alisema.

"Ni kweli."

"Kwa neno la mtu anayevaa kaptura."

"Ni kweli, mama."

"Siku zimebaki kumi. Mafundi wanataka wiki nzima. Nikikupatia kitambaa ambacho hakuna jicho lililokiona Buffalo, utakwenda mbele ya kanisa Jumapili, useme ulikitoa wapi. Kwa mdomo wako, siyo kwa simu."

"Nitasema na micro, kanisa yote isikie."

Dafroza akapiga simu Columbus kuuliza vitambaa.

Huko yuko Kavugho, mwanamke wa Butembo, mwenye duka la vitenge kwenye plaza moja upande wa Gahanna, katikati ya saluni na duka lililofungwa. Wenye maduka hawa wanajuana. Mmoja akiishiwa, mwenzake anampelekea. Wakati mwenzao wa Louisville, mwanamke aitwaye Florida, alipofunga mwaka jana, vitambaa vyake vyote vilikwenda kwa Kavugho.

"Dada, biko," alisema Kavugho. "Robota mbili bya Florida. Nyekundu ya tofali na majani meusi. Sijaonyesha mutu hata moja."

"Nipatie yote mawili."

"Chukua. Chukua na ile ingine yote. Miye nafunga Ijumaa."

Dafroza alihamisha simu sikio la pili. "Unafunga? Tangu lini?"

"Banavunja plaza yote, banajenga nyumba ya kupanga. Nilisikia haya kukuambia. Nilisema moyoni, Mama Uwera angali yuko, hatuwezi kuisha sote." Alikohoa kidogo. "Kesho saa sita niko kwako na gari. Unitengenezee chai ya tangawizi, si ile ya maji."

Dafroza alimwahidi tangawizi. Louisville ilikwenda Columbus, sasa Columbus inakuja Buffalo, na baada ya Buffalo hakukuwa na mwingine wa kumpelekea. Alipata uchungu wa kweli, na kwa uchungu huo akazidi kumdharau yule wa garini, aliyefanya vifo vya kazi za wanawake hawa kuwa kipindi cha Jumamosi.

Mama Gloire na bintiye waliondoka wakiwa wameshikana mikono. Arusi ilikuwa imerudi. Sharti la Sipriani lilikuwa limetimia, tena kwa kishindo.

Akampigia mwenye jengo amwambie kwamba wanaongeza mkataba.

Huyo ni mzee wa Kimarekani ambaye kwa miaka sita hajawahi kulitamka jina la Dafroza sawasawa. Siyo mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiingereza cha polepole ambacho Dafroza alikielewa neno kwa neno:

"Mama, nilidhani unajua. Mumeo alikuja Jumatatu ya wiki iliyopita. Ametia saini kwamba mnaondoka mwisho wa mwezi."

"Mume wangu?"

"Mkataba uko kwa jina lake."

Ulikuwa kwa jina lake. Walipopanga, ni Sipriani tu aliyekuwa na hati za mshahara za kuonyesha, na Dafroza hakuona shida. Jina la mume, jina la mke, kulikuwa na tofauti gani?

"Na nani anaingia?" aliuliza.

Alisikia karatasi zikifunuliwa. Mzee alilitamka jina vibaya kama kawaida yake, lakini lilitambulika. Methodi.

Jumatatu ya wiki iliyopita! Hesabuni wenyewe, wasomaji wangu. Siku tano kabla ya orodha. Nabii wetu hakutabiri kitu. Alikuwa ameshachukua duka, ndipo akatangaza kwamba litakufa.

Saa kumi kasoro robo mlango ukafunguka. Sipriani, ametoka zamu, mfuko wa chakula begani, viatu vya ghalani vyenye ncha za chuma miguuni. Dafroza alimpita, akaufunga mlango kwa ndani, akasimama mbele yake.

"Uliniambia tusubiri arusi."

"Nilikuambia."

"Na ulikuwa umeshatia saini."

Sipriani aliteremsha mfuko wake sakafuni. Hakubisha, na hilo lilimuudhi Dafroza kuliko angebisha.

"Methodi alinionyesha takwimu," alisema.

"Takwimu!"

"Maduka yanakufa, Mama Uwera. Hata makubwa yenye mameneja na kompyuta. Wewe ni nani ubaki? Ghalani kuna nafasi za asubuhi. Kuna bima. Tungekwenda na gari moja, tungekula pamoja saa sita. Miaka sita nakula peke yangu kwenye benchi."

Kwa nusu dakika Dafroza alimwonea huruma. Aliliona lile benchi. Aliona pia jinsi alivyokuwa akichemsha chai juzi na jana, mpole, akiosha vikombe vya mtu ambaye ameshamuuza. Huruma ikaisha.

"Mtu aliyelala juu ya maboksi amekufundisha uchumi," alisema. "Nimewarudisha akina Bulonza. Nina vitambaa vinakuja kesho. Nimefanya ulichotaka, tena mbele ya watu elfu mbili waliokuwa wakinizika. Na wewe ulikuwa umeshanizika kabla yao."

"Sikujua ungeweza."

"Hukungoja kujua."

Dafroza alimnyooshea kiganja.

"Ufunguo wako uko wapi?"

Alitazama viatu vyake.

"Sipriani."

"Nimempa. Alisema atakuja kupima ukuta. Anataka kupaka rangi."

"Lini?"

"Leo. Saa kumi."

Wote wawili walitazama saa ya ukutani. Nje, gari lilizimwa. Mlango wa gari ukafungwa kwa nguvu, na mara sauti ikaanza kuongea peke yake barabarani, kubwa, ya furaha, ikisogea karibu.

"Ndugu watazamaji, tuko hewani! Mnaombwa kusambaza! Leo nawakaribisha kwenye ofisi yangu mpya..."

Ufunguo ukaingia kwenye kitasa.

Sipriani aliunyakua mfuko wake, akamshika mkewe mkono. "Mama Uwera, twende mlango wa nyuma. Asitukute. Anarusha moja kwa moja."

Dafroza aliutoa mkono wake. Alirudi nyuma ya kaunta, akanyoosha kitambaa cha kichwa.

"Pita wewe huko nyuma," alisema. "Mimi nina duka."

Kitasa kikazunguka.